Mtoto Huyu Aitweje?

Somo: Luka 1:57–66



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mzee mmoja wa kanisa, kutoka mtaa ulio karibu na machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mkono ulioiandika watetemeka, lakini maneno yake hayatetemeki. Mwana wake amepata mtoto wa kike, naye mama wa mtoto ataka aitwe Espérance. Mzee asema: Jina hili ni la Kifaransa, nasi si Wafaransa, katika ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyeitwa hivyo, mwacha asili ni mtumwa. Amekwisha kutangaza mbele ya jamaa zake kwamba mtoto akibatizwa kwa jina hilo, yeye hatakanyaga kanisani siku ile. Kisha atuuliza: Je, Kanisa lina neno katika jambo hili, au kila mtu na achague apendavyo, kama achaguaye kitambaa dukani?

Tumeona vema kumjibu hapa mbele ya wote, bila kutaja jina lake wala mtaa wake, maana twajua ya kuwa swali hili limeingia katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita.

Kwanza yatupasa kujua majina haya yamefikaje huku. Ufaransa ni mbali, wala haikuitawala nchi yetu hata siku moja. Lakini mwaka 1883 Mapadre Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza. Na mwaka 1891 walijenga misheni Ushirombo, mahali ambapo leo ni katika mkoa wa Geita. Wengi wao walikuwa Wafaransa, nao waliwapa wabatizwa majina ya watakatifu waliowajua kwao, ingawa mara nyingi katika sura ya Kilatini. Ndiyo maana akina Renatus na Deogratias ni wengi katika nchi hii.

Mlango wa pili ulikuwa wa magharibi. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, na Kifaransa kikawa lugha ya shule na ya ofisi. Akina Jean-Baptiste, Dieudonné, Innocent na Espérance wakawa watu wa kila kijiji. Kisha yalikuja mambo ya kuhuzunisha ambayo wote twayajua. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji Burundi, wakapewa mahali pa kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1994 walikuja watu wa Rwanda kwa malaki. Mwaka 1996 walikuja watu wa Kongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu. (Msomaji asiichanganye na Nyarugusu yetu ya Geita, yenye machimbo.) Mtu akimbiaye usiku hachukui mengi. Huchukua mtoto, pengine chungu, na jina lake.

Tena dhahabu haina kabila. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, lakini hata pasipo mgodi huo wachimbaji wadogo hufuata mwamba popote usikikapo. Katika duara moja utamkuta Msukuma, Muha, Mkurya na Mrundi wameshika kamba moja, na mmoja akiteleza, wote watashtuka. Vijana hukutana huko, hupendana, huoana. Basi si ajabu majina nayo yakioana.

Sasa tuisome barua ya mzee tena. Katika pembe ya karatasi ameandika mstari mmoja kwa herufi ndogo, kana kwamba si kitu: Mama wa mtoto alizaliwa Ulyankulu, na Espérance ni jina la mama yake aliyekwisha kufa. Na mwisho kabisa, baada ya salamu, ameongeza: Watu wa hapa watamwita mjukuu wangu mkimbizi.

Ndugu zetu, twadhani ya kuwa barua yote imo katika mistari hiyo miwili. Kifaransa ni ganda tu.

Katika somo letu Elisabeti amezaa mwana, na majirani na jamaa wamekuja kufurahi pamoja naye. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja na furaha ya kweli. Siku ya nane walitaka mtoto aitwe Zakaria kwa jina la baba yake, kama ilivyokuwa desturi. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Nao wakamjibu neno lile lile ambalo mzee wetu ametuandikia, ya kwamba katika jamaa yake hakuna mwenye jina hilo. Walijibizana na mama, lakini hawakumsikia. Wakamgeukia baba na kumwashiria, wakiamini kwamba mwanamume atarudisha mambo katika njia yake. Zakaria akaomba kibao, akaandika lile lile alilosema mkewe. Hapo kinywa chake kikafunguliwa.

Twaliona jambo moja hapa ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Mama alisema kweli kwanza, na wote waliokuwapo walimpita. Kwa kuwa desturi ilikuwa upande wao, hawakumwuliza jina hilo amelitoa wapi. Mzee mpendwa, je, wewe umemwuliza mkweo amelitoa wapi? Au umeyajua kwa njia ya mwanao, ukayaandika pembeni ya karatasi?

Lakini tusimwonee mzee. Neno lake kwamba jina ni la Kifaransa yatupasa kulijibu kwa haki, maana wako wengi wenye mawazo hayo, na wako wengine wenye kosa la upande wa pili.

Majina mengi yaitwayo ya Kifaransa ni majina ya Biblia yaliyopita katika kinywa kingine. Jean ni Yohana. Pierre ni Petro, Jacques ni Yakobo, Étienne ni Stefano, Marie ni Mariamu. Dieudonné maana yake ni kwamba Mungu ametoa; ndivyo wasemavyo Waebrania wakisema Nathanaeli, na Wayunani wakisema Theodoro. Agostino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyezaliwa katika Afrika ya kaskazini, alimwita mwana wake Adeodatus, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, nao wakabatizwa pamoja Milano katika Pasaka ya mwaka 387. René ni Renatus, yaani aliyezaliwa mara ya pili. Je, kuna jina lifaalo zaidi penye maji ya ubatizo? Na hayo mengine, kama Louis na Charles, Wafaransa wenyewe waliyapata kwa Wafranki, watu wa lugha ya Kijerumani. Lugha hukopeshana majina kama majirani wakopeshanavyo chumvi, na baada ya miaka mingi hakuna akumbukaye chumvi ilitoka nyumba gani.

Sisi tuitwao Walutheri tusiwe wepesi wa kudharau jina lililotoka Ufaransa. Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, nayo ilikuwa sikukuu ya Martin, askofu wa Tours. Kwa hiyo wazazi wakampa jina hilo. Tours iko Ufaransa. Tena Martin yule hakuwa mwenyeji wa huko, alizaliwa Panonia, katika nchi ambayo leo ni Hungaria. Basi mwana wa mchimba madini wa Kijerumani alichukua jina la mgeni aliyekuwa askofu katika nchi ya Ufaransa, na kwa jina hilo watoto wengi wa Kisukuma huitwa Martin leo, wala hakuna babu aliyesusia kanisa. (Ndiyo, baba yake Luther alishughulika na machimbo ya shaba. Watu wa Geita wangeelewana naye.)

Hata jina lenye asili ya kipagani halikuwa kizuizi kwa mitume. Epafrodito, aliyemhudumia Paulo kifungoni, alichukua jina la Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, jina lake ni mojawapo ya majina ya Artemi. Hatusomi mahali popote ya kuwa Paulo aliwaambia wayabadili. Naye Danieli alipewa Babeli jina la mungu wa Babeli, wakamwita kwa jina hilo kila siku, na bado madirisha yake yalifunguliwa kuelekea Yerusalemu.

Ziko serikali zilizotaka kutawala majina. Ufaransa yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1803, iliwaamuru wazazi wachague katika majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, na uhuru wa kuchagua ulipatikana mwaka 1993 tu. Kongo ilitenda kinyume. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kizungu, akaacha lake la Joseph-Désiré, na padre aliyembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo aliweza kufungwa hadi miaka mitano. Kanisa letu halina sheria ya upande huu wala upande ule. Mtoto habatizwi kwa jina lake mwenyewe. Abatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 yatufundisha juu ya maji na Neno la Mungu lililo pamoja na maji, wala haina orodha ya majina.

Lakini uhuru huu una kazi yake, na hapa twasema na ninyi vijana. Wako wazazi waliochagua jina la Kifaransa kwa kuwa waliliona juu ya chupa ya manukato, au kwa kuwa lasikika la watu wenye fedha. Wengine humwita mtoto Zinedine kwa ajili ya mchezaji wa mpira, wakidhani wamepata Kifaransa safi. Kumbe wazazi wa mchezaji yule walitoka Algeria, na jina ni la Kiarabu, maana yake pambo la dini. Neno dini tunalo sisi wenyewe tangu zamani. Yasimuliwa pia ya kuwa katika makoloni ya Wafaransa wako watoto walioitwa Fetnat, kwa sababu wazazi walitazama kalenda siku ya kuzaliwa, wakaona maneno yaliyokatwa ya sikukuu ya taifa, wakadhani ni jina la mtakatifu. Tucheke kidogo, kisha tujiulize kama majina tuliyowapa watoto wetu twaweza kuyaeleza.

Tena kumbukeni masikio ya shule. Jean kwa Kifaransa ni jina la mwanamume. Mwalimu asiyejua atalisoma kwa Kiingereza, na darasa zima litasikia Jini. Tafadhali mhurumieni mtoto. Mwandikeni Yohana, ambalo ni jina lile lile. Na kama mmechagua jina lenye maandiko magumu, amueni mapema litaandikwaje, likaandikwe vivyo hivyo katika kadi ya kliniki, katika cheti cha kuzaliwa na katika kitabu cha ubatizo. Mtoto aliye Espérance kanisani, Esperance kwa karani na Esperansi shuleni, siku moja ataambiwa na ofisi kwamba yeye ni watu watatu, na kuthibitisha kuwa ni mmoja kutamgharimu viapo, ada na safari nyingi.

Wala tusidhani kwamba majina yetu ni haba. Msukuma asemaye Kulwa na Doto amekwisha kueleza habari ya mapacha, na asemaye Shija ametuambia ya kuwa mtoto huyu aliwafuata mapacha. Mabula huchukua habari ya mvua. Jina la namna hii ni hadithi fupi ya neema ambayo mtu huitembea nayo. Ndugu zetu wa Kilimanjaro, Upare na Meru waliunganisha jina la Mungu la Kiebrania na maneno yetu, wakapata Elisante na Elifuraha, na twawaonea wivu mwema. Twakataza neno moja tu, yaani kumpeleka mtoto aliaye kwa mwaguzi ili aambiwe ni marehemu gani adaiye jina. Kumkumbuka marehemu kwa upendo ni jambo moja. Kumwogopa na kumlipa ni jambo jingine, na mbatizwa hana deni hilo.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Espérance maana yake ni tumaini. Jina la Tumaini twalipenda sana katika sharika zetu. Kanisa letu liliita hata chuo chake kikuu Tumaini, wala hatukupata barua ya kulalamika. Basi mzee atasema: Kama maana ni hiyo, na aitwe Tumaini, tumalize ugomvi.

Tumelifikiri sana neno hili, kwa sababu ni neno la busara. Lakini mama wa mtoto hakutafuta maana nzuri katika kitabu. Yule aliyembeba mgongoni, aliyeivuka mpaka mwaka 1972, aliyelima Ulyankulu katika pori, hakuitwa Tumaini. Aliitwa Espérance. Alipoitwa kwa jina hilo aligeuka, na kwa jina hilo alizikwa. Neno la kawaida laweza kufasiriwa. Mama wa mtu hafasiriki. Mzee, ungalifurahi kama mtu angaliandika jina la mama yako kwa Kiingereza juu ya kaburi lake, akakuambia maana ni ile ile?

Na juu ya hofu yako ya mwisho, kwamba watu watamwita mjukuu wako mkimbizi, twasema kwa upole lakini kwa wazi. Wakisema hivyo watasema uongo. Watu wapatao laki moja na elfu sitini miongoni mwa wale waliokuja mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Mjukuu wako ni Mtanzania kwa baba yake na kwa nchi aliyozaliwa. Lakini hata kama angalikuwa mkimbizi, je, neno hilo ni tusi kwetu? Bwana wetu alichukuliwa usiku kwenda Misri. Tusi limo katika kinywa chake alitamkaye, na kinywa hicho kipo pia kati ya watu waketio katika mabenchi yetu. Imetupasa kukiri hili. Tumewasikia Wakristo kisimani na penye karasha wakitumia neno hilo kumnyamazisha mwanamke mwenye haki katika jambo lake. Jina la mtoto likifichwa ili wenye kinywa hicho wasisumbuke, ni nani aliyeshinda?

Musa naye alikuwa mkimbizi. Alipokaa Midiani alimwoa binti ya Yethro, akampata mwana, akamwita Gershomu, kwa kuwa alisema amekuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Fikirini mambo ya nyumba ile. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mtu mkubwa katika nchi yake, na mjukuu wake alipewa jina litangazalo kwa kila mpita njia ya kwamba baba yake ametoka kwingine. Biblia haisemi ya kuwa alikataa. Bali katika sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka twamwona akishika njia ya jangwa, akimrudishia Musa mkewe na wanawe wawili, na Gershomu ametajwa kwa jina lake.

Twashauri hivi. Mtoto abatizwe kwa jina la Espérance, kama mama yake aombavyo na kama baba yake alivyokwisha kukubali. Na mzee, aliye mkuu wa ukoo, ampe jina la pili la kwao, alitoalo yeye mwenyewe kwa hiari na kwa kinywa chake, nalo liandikwe katika kitabu cha ubatizo karibu na la kwanza. Majina mawili hayamlemei mtoto. Paulo awafundisha Warumi kwamba tumaini latiwa nguvu katika dhiki, na bibi yule wa Ulyankulu, kwa habari tulizopata, alilijua hilo pasipo kusoma sana.

Baada ya barua ya mzee tuliandika kwa mwinjilisti wa mtaa ule, naye ametujibu. Ubatizo umewekwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Mama wa mtoto, ambaye kwa heshima ya ukwe hawezi kumwambia mwenyewe, amemwomba mwinjilisti apeleke neno kwa baba mkwe wake: ataka yeye ndiye ambebe mtoto mpaka penye maji. Mwinjilisti alilipeleka neno hilo jioni. Mzee alisikia lote, akauliza jina latamkwaje hasa, akalijaribu mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akaingia ndani bila kujibu.